Mchukua Mioyo wa Ambanoro

Ujumbe kutoka Mahajanga uliletwa na Boinali, mpishi wa meli ya mwambao, na aliuleta kwa mdomo kama alivyopewa.

"Mama Koultoum, bintiyo anakusalimu. Yeye na mumewe wazima, na nyumba yao ya Mangarivotra imeezekwa upya. Anasema amekuletea mgeni."

"Mgeni gani?"

"Huyu hapa nyuma yangu."

Fatoumia alichungulia kando ya bega la Boinali. Njiani, chini ya mwavuli mweusi, alisimama mwanamke mrefu wa kizungu, nywele za kijivu zimekatwa juu ya masikio, na sanduku la bati miguuni. Mvua ya Januari ilikuwa imemlowesha mpaka magotini. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu.

"Boinali, huyu ni vazaha," alinong'ona Fatoumia. Ndivyo watu wa kisiwa cha Nosy Be wanavyowaita wazungu.

"Nami nililiona hilo tangu Mahajanga."

"Nitamfanya nini mimi?"

"Mpe chai. Hunywa chai kama watu." Boinali alishusha sauti. "Ni muuguzi. Amekaa miaka mingi kusini, kwenye hospitali ya wamisionari, na sasa anarudi kwao Denmark. Anataka kuiona bahari ya huku kabla ya meli yake kufika. Mkweo Zoubeiri alimkuta bandarini akiuliza pa kulala, na Koultoum akasema, mama yangu ana nyumba kubwa na yuko peke yake. Wiki chache tu, Mama Koultoum. Mroivili angemkaribisha."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli Fatoumia alisogea mlangoni kumpisha mgeni.

Mumewe Mroivili alikuwa mpishi wa meli hiyohiyo, na ndiye aliyemfundisha Boinali kazi. Alikuwa mtu asiyeweza kula peke yake. Akirudi nyumbani Ambanoro alikuja na yeyote aliyemkuta gatini: baharia, mchuuzi, mara moja hata askari jandarme aliyekuja kumwuliza habari za mtu mwingine. Katika ugonjwa wake wa mwisho alimwomba mkewe jambo moja. Mwaka wa kwanza wanaume wamsomee hitima msikitini, sawa. Lakini baada ya hapo, kila mwaka ifikapo siku yake katika mwezi wa Shawwal, asomewe hapa ukumbini na wanawake wa Ambanoro, kisha watu wale.

"Nisikie vyombo," alisema.

Fatoumia aliahidi. Mwaka wa kwanza ulikuwa umepita. Ramadhani ilikuwa imekwisha juzi tu, na Shawwal hii ndiyo ingekuwa ya kwanza ya kuitimiza ahadi. Alikuwa ameiwaza siku hiyo tangu zamani. Tangu eda ilipokwisha, nyumba ile ilikuwa na sauti ya mvua juu ya bati, sauti yake mwenyewe akisoma Kurani baada ya alfajiri, na basi. Jioni nyingine alikwenda mjini Hell-Ville kwenye masomo ya watu wazima, kujifunza Kifaransa na herufi za kizungu pamoja na wanawake wenzake. Alikuwa mwanafunzi mzito lakini hakukosa. Alipenda hasa njia ya kurudi, wote pamoja na taa moja, wakichekana kwa makosa yao.

Mgeni aliitwa Gudrun. Fatoumia alimpa chumba cha mbele, akatandika shuka jipya, akafukiza udi. Aliweka meza ndogo barazani, na uma na kisu ambavyo Mroivili alivileta kutoka melini. Kila mlo alimpelekea chakula pale, akarudi jikoni kula chake. Nyumba haikuwa na mwanamume wa kuketi na mgeni, na tangu utoto alikuwa amesikia kwamba vazaha hula kimya, kila mtu na sahani yake, na huchukia kuona mkono wa mtu ndani ya wali. Basi mmoja alikula barazani akitazama mvua, na mwingine alikula jikoni akitazama majivu.

Na kila usiku, baada ya kuswali Isha, Fatoumia alifunga komeo la mlango wa ndani.

Hakujivunia jambo hilo. Alikuwa amehitimu Kurani tangu msichana, na alijua kwamba roho za waja ziko mikononi mwa Mola peke yake. Lakini alizaliwa kisiwani, na hakuna mtoto wa kisiwa aliyelelewa bila kusikia habari za mpakafo, mchukua mioyo, vazaha anayezunguka vijijini akitafuta vifua vyenye afya. Akili yake ilisema moja, mkono wake ukafunga komeo. Mara tu baada ya komeo kulia, upande wa pili wa mlango ulisikika mvumo wa kitu kizito kikiburuzwa sakafuni. Fatoumia hakujua ni kitu gani, na hakuuliza.

Aliyeharibu mambo ni Gudrun mwenyewe, kwa nia njema.

Asubuhi moja mvua ilipotulia, watoto wa jirani walikuja kumchungulia barazani. Aliingia chumbani akatoka na chombo cha kidaktari cha kusikilizia kifua, kile chenye mipira miwili ya kutia masikioni na kisahani cha chuma. Alimketisha Mariama, binti mdogo wa Laïla wa nyumba ya pili, akamtia mipira masikioni, na kisahani akakiweka juu ya kifua cha mtoto mwenyewe. Mariama alitoa macho.

"Kuna mtu anatwanga," alisema. "Humu ndani."

Wengine wote wakataka kumsikia huyo anayetwanga. Gudrun alicheka, akawapa chombo mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipomaliza alimsikiliza yeye pia, kwa mazoea ya kazi, na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Fatoumia aliona yote kutoka jikoni. Alijikuta amesimama na mwiko mkononi, na wali ukaungua.

Kabla ya Alasiri Laïla alikuwa mlangoni.

"Mama Koultoum, mgeni wako alikuwa anatafuta nini kwenye kifua cha mwanangu?"

"Alikuwa anamchezesha tu. Ni muuguzi."

"Muuguzi humsikiliza mgonjwa. Mariama ni mzima."

Na haukupita muda Mariama hakuwa mzima tena. Alishikwa na homa, kama wanavyoshikwa watoto wengi wa Ambanoro maji yanapotuama, akatetemeka na kuweweseka kwamba kuna mtu anatwanga. Gudrun alisikia kilio, akachukua vidonge akaenda mbio, na Laïla akamfungia mlango usoni. Mtoto alipelekwa dispensari ya Hell-Ville mgongoni mwa mama yake, na ingawa baada ya siku chache homa ilianza kupungua, maneno hayakupungua.

Jioni ya masomo iliyofuata, mwalimu Fahardine, kijana mwenye miwani na moyo wa kupenda habari, aliandika ubaoni sentensi aliyoitoa redioni, kama alivyozoea. Alidhani anawafurahisha. Sentensi ilisema kwamba kule Afrika Kusini madaktari wamempa mtu moyo mpya, na wamefanya hivyo kwa mara ya pili.

"Mpya kutoka dukani?" aliuliza Hadjira, mwanamke wa Ambanoro mwenye ulimi mwepesi.

"La, mama. Wa mtu mwingine. Mtu aliyekufa."

"Alikufa kabla hawajautoa, au baada?"

Fahardine alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kumtazama Fatoumia, aliyeinama juu ya daftari lake akinakili neno "moyo" kwa Kifaransa, herufi baada ya herufi, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Walipotoka, wenzake walitangulia na taa. Aliwaita wamngoje avae kiatu. Taa haikupunguza mwendo. Aliifuata kwa mbali njia yote, ikawa ndogo, ikapinda nyuma ya mashamba ya langilangi, ikapotea. Alisoma Ayatul-Kursiy mpaka mlangoni kwake.

Kesho yake alikuja Koko Sittou. Kila mtu Ambanoro alimwita Koko, bibi, hata wenye wajukuu wao, na ndiye aliyewaongoza wanawake katika kusoma. Alikataa kuingia ukumbini. Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, fimbo mapajani.

"Nimekuja kwa ajili ya Mroivili," alisema. "Juzuu ninazo, nimezifuta vumbi. Wanawake wako tayari. Lakini hawaingii nyumba yenye huyu."

"Koko, ni mgeni."

"Sikusema umtupe baharini. Mpeleke Hell-Ville, mapadri wana vyumba."

"Amewauguza watu miaka yote hiyo huko kusini."

"Labda. Na huko kusini hatukuwepo kuhesabu walioamka na wasioamka."

"Koko Sittou, wewe unayaamini haya kweli?"

Bibi alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Mchana siamini," alisema. "Kiza kikiingia, naamini kidogo."

Fatoumia hakuweza kucheka, maana ndivyo alivyokuwa yeye mwenyewe.

"Siku yake ni Alhamisi," alisema Koko Sittou akijiinua kwa fimbo. "Uliahidi nyumba itajaa. Chagua, mwanangu. Mume wako au vazaha wako."

Fatoumia aliswali rakaa mbili za istikhara, akaomba aonyeshwe lililo la heri. Hakuonyeshwa kitu. Alipokunja msala alikuwa ameamua kwa akili yake tu: Hell-Ville si mbali, vyumba vya mapadri ni safi, na mume ni mume. Aliitunga sentensi kwa Kifaransa, akairudia mpaka ikatulia ulimini, akatoka nayo barazani.

Gudrun alikuwa mbele ya sahani ambayo hakuigusa.

"Keti," alisema Gudrun. "Tafadhali. Sijawahi kukuona ukila."

"Nakula jikoni."

"Kwa sababu mimi ni mchafu?"

Fatoumia alidhani Kifaransa kimemponyoka. Alimwomba arudie, polepole, na Gudrun akarudia huku shingo imemwiva.

"Melini kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashamba. Aliniambia, Waislamu wa pwani wakikupa chakula hawatakula nawe, na sahani utakayoilia wataivunja. Kila siku nasikiliza nisikie sahani ikivunjwa. Na akaniambia nifunge mlango vizuri, nisije nikaamka sina kitu."

"Kwa hiyo kile kizito kinachoburuzwa..."

"Sanduku langu. Nalisukuma mlangoni. Komeo lako likilia, mimi nakumbuka sanduku."

Wakatazamana. Maji yalidondoka kutoka ukingoni mwa bati.

"Sahani zangu ni chache," alisema Fatoumia. "Ningekuwa nazivunja ningekuwa nala kwenye kifuu sasa." Kisha, kwa kuwa mwenzake alikuwa ameanza kusema kweli, naye akasema yake. Aliweka mkono kifuani. "Mimi nilifunga komeo kwa sababu ya huu." Na kwa maneno machache aliyokuwa nayo alimweleza habari za mpakafo.

Gudrun alianza kucheka. Kicheko kikakatika. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Watoto," alisema. "Niliwasikiliza watoto. Mbele ya mama zao."

"Ndiyo."

Gudrun aliingia ndani akarudi na kile chombo, akakiweka mezani kati yao, mbali na mkono wake, kama mtu anayeweka kisu chini ili aaminiwe. Fatoumia ndiye aliyekichukua. Alitia mipira masikioni, akaingiza kisahani chini ya shiromani, nguo aliyojitanda.

Mwanzo hakusikia kitu. Kisha akasikia: kitu kinatembea gizani bila haraka, kinajua kinakokwenda. Tangu Mroivili afariki, kimya cha nyumba ile kilikuwa kimekua hata akadhani kimeshaingia mpaka ndani yake. Na muda wote huo, bila kuombwa, bila kushukuriwa, mwendo huu ulikuwa ukiendelea. Alisema Subhanallah kwa midomo tu.

"Na wako?" aliuliza.

Gudrun alisita. Kisha alifungua kifungo kimoja cha blauzi, akakiongoza kisahani mwenyewe.

Huu ulikwenda mbio, kama mtu anayekimbia mvua. Mara ukanyamaza. Fatoumia alingoja. Alimtazama Gudrun usoni, naye alikuwa akitazama bahari. Halafu, kwa kishindo, ukaanza tena.

"Umesimama," alisema Fatoumia.

"Husimama."

"Kisha?"

"Kisha huendelea. Mpaka sasa." Gudrun alifunga kifungo. "Ndiyo sababu wameniondoa kazini. Safari ya kwetu ni ndefu, na huko hakuna anayeningoja, ila dada mmoja tusiyesemezana. Nikasema, kabla ya safari nitakaa mahali niitazame bahari ambayo haina kazi yangu ndani yake."

Fatoumia alikiweka chombo mezani. Sentensi yake ilikuwa bado ulimini, imepangwa vizuri, kila neno mahali pake. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukimbia kwa Koko Sittou, kwa Laïla, kwa Hadjira, awaambie: mhurumieni, ni mgonjwa, moyo wake mbovu. Alikuwa ameshainuka nusu alipoona maneno hayo yatasikika vipi. Vazaha mwenye moyo mbovu, amekaa kwenye mtaa wa watoto wenye mioyo mizima, amewasikiliza mmoja mmoja, na redio imesema jambo linawezekana. Jambo pekee lililostahili kumwombea huruma ndilo lingemhukumu. Hakuna mtu Ambanoro ambaye Fatoumia angeweza kumwambia alichokisikia. Aliketi tena.

"Ulitaka kuniambia kitu," alisema Gudrun.

"Nilitaka kukuuliza kama chumvi inatosha."

Usiku ule hakufunga komeo. Alilala akisikiliza, na sanduku halikuburuzwa.

Lakini Gudrun hakuwa mjinga. Aliona wanawake wakiondoka kisimani Fatoumia anapokwenda kuteka maji. Siku ya Jumatano Fatoumia alimkuta amekunja nguo zake zote.

"Ambatoloaka, ng'ambo ya kisiwa," alisema Gudrun. "Wanasema yupo mtu anayepangisha kibanda kwa wavuvi. Najua kesho ni siku ya mumeo. Umetandika mikeka ya watu wengi, na mimi ndiye ninayewazuia."

Fatoumia alifunga kifuniko cha sanduku, kisha akalikalia.

"Siendi popote kama umekaa hapo," alisema Gudrun.

"Ndiyo maana nimekaa."

"Fatoumia, wanawake wako hawatakuja."

"Mume wangu hakuwahi kumtoa mtu nyumbani," alisema Fatoumia. Aliyatafuta maneno, na yasipopatikana alingoja mpaka yapatikane. "Nikikutoa wewe ili wamsomee yeye, watakuwa wanamsomea mume wa mwanamke mwingine."

Alhamisi aliswali alfajiri, akafukiza udi, akapanga vikombe. Wali wa nazi ulikuwa tayari, na kuku watatu wa mchuzi. Mikeka ilijaa ukumbi mzima, kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati yake alikaa yeye peke yake na msahafu wake. Gudrun alikuwa kwenye mlango wa chumba, amejifunga kitambaa kichwani bila kuambiwa, kimekaa upande.

Fatoumia alingoja. Nje nyayo zilipita, akazisikia zikikaribia, akazisikia zikiongeza mwendo penye ukuta wa nyumba yake. Dirisha la Laïla lilikuwa limefungwa. Jua lilipofika kwenye mkeka wa kwanza alisema Bismillahi, akaanza kusoma.

Alijua hawezi kuhitimu. Juzuu zote thelathini, kwa kinywa kimoja, siku moja, si kazi ya mjane mwenye macho yake. Alisoma tu. Sauti yake ilizunguka ukumbini ikarudi bila kukutana na nyingine. Kila aliposita kupumua palikuwa kimya kabisa, na mara mbili tatu katika kimya hicho alijikuta akimsikilizia Gudrun kule mlangoni, kama bado anapumua. Gudrun alileta maji, akayaweka ukingoni mwa mkeka, akarudi mahali pake. Adhuhuri ikaja, akaswali, akaendelea. Wali ulipoa. Koo lilianza kukwaruza, na machozi, ambayo hayakuwa ya Mroivili peke yake, yaliangukia mkono wake na si karatasi, maana alijilinda.

Fimbo iligonga kizingiti.

Koko Sittou aliingia na furushi la juzuu kwapani. Hakumsalimu Fatoumia peke yake, alisema Salamu alaykumu kwa ukumbi mzima, kana kwamba umejaa. Alijishusha kwenye mkeka, akimpa Gudrun mgongo.

"Umefika wapi?"

"Juzuu ya tano."

"Basi mimi nashika ya sita."

Wakasoma. Sauti mbili ni kitu kingine kabisa. Walisoma mpaka adhana ya Alasiri, wakaswali, na Koko Sittou akasugua magoti.

"Koo limekauka. Mroivili alisema watu wale, au nakosea?"

Fatoumia alileta sinia, akaiweka katikati. Akaketi upande mmoja, Koko Sittou upande wa pili. Kisha aliinuka tena, akaenda mlangoni, akamshika Gudrun mkono. Mkono wa Koko Sittou ulisimama juu ya wali. Gudrun alipiga magoti vibaya, kama ngamia, akachota kwa kiganja, na nusu ya wali ikamwangukia mapajani. Alijaribu tena. Ikaanguka tena.

Koko Sittou alitazama kwa muda.

"Anachakura kama kuku," alisema kwa Kikomoro, lugha yao ya nyumbani. "Mwambie akusanye kwa ncha za vidole. Si kwa kiganja, hiki si kibao cha kukandia."

"Anasema nini?" aliuliza Gudrun.

"Anasema karibu."

"Sikusema hivyo," alisema Koko Sittou, ambaye Kifaransa alikielewa zaidi ya alivyokubali. Alinyoosha mkono wake mkavu juu ya sinia, akachota tonge polepole ili lionekane linavyofanywa, akala. Gudrun akaiga.

Kijiko cha mchuzi kiligonga bakuli. Kifuniko kililia. Ilikuwa sauti ndogo sana katika ukumbi uliotandikiwa umati, na Fatoumia akamwomba Mola avifikishe vyombo hivyo vichache mahali vilipoombwa.

Koko Sittou alipoondoka alisimama kizingitini.

"Sikumjia yeye."

"Najua, Koko."

"Na bado ni mchana."

Hitima haikukamilika siku ile. Bibi alirudi asubuhi ya pili, na ya tatu, kila mara mchana mweupe, mpaka wakafika mwisho wawili hao. Wengine hawakuja.

Boinali alikuja kumchukua mgeni mvua zilipokuwa zinapungua. Barazani Gudrun alimkabidhi Fatoumia kile chombo, kimefungwa katika kitambaa chake cha kichwani. Fatoumia alikifungua, akamvisha shingoni.

"Wangu nimekwisha kuusikia," alisema. "Wewe ndiye unayepaswa kusikiliza."

"Nitakuandikia. Ujifunze haraka uweze kusoma."

"Najifunza, dada yangu. Wewe andika herufi kubwa."

Walipopita nyumba ya pili, Mariama, mzima kabisa, aliinua mkono dirishani. Mkono wa mama yake ukaushusha.

Barua haikuja. Fatoumia aliendelea na masomo, akarudi nyumbani peke yake na taa yake mwenyewe aliyoinunua. Fahardine alimsifu, akamwambia sasa anaweza kuandika barua ya ukurasa mzima, kwa nini asimwandikie rafiki yake. Alijibu kwamba mkono wake bado haujawa mzuri.

Ramadhani ilipoingia tena, Koultoum alimwita Mahajanga afunge huko, na alikwenda. Nyumba ya Mangarivotra ilikuwa na watu wengi, watoto wa Koultoum, ndugu wa Zoubeiri, wapita njia wa futari. Fatoumia alikaa kati yao akajibu aliyoulizwa. Alasiri moja, wakichambua mchele uani, Koultoum alisema:

"Mama, Zoubeiri anaweza kuuliza kwa wakala wa meli habari za yule muuguzi. Wao hujua nani alishuka wapi. Watasema kama alifika kwao, au..."

"Asiulize."

"Huna hamu ya kujua?"

"Asiulize, Koultoum."

Binti aliacha kuchambua. Fatoumia aliendelea kutoa kokoto moja moja.

"Mtu asiye wa dini yetu, maadamu yu hai, naruhusiwa kumwombea," alisema. "Afya, uongofu, safari njema, lolote. Akishakufa nafunga mdomo, ni amri, na mimi si wa kuvunja amri. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba amekufa. Basi mwache mumeo na kazi zake."

Koultoum alimtazama mama yake, kisha akainamia ungo.

Shawwal itakapoingia Fatoumia atarudi Ambanoro kutandika mikeka. Watakuja wangapi safari hii, hajui. Kwa sasa huamka kabla ya wenye nyumba, hutawadha kwa maji ya mtungi, na huswali kwenye kona ya ukumbi kati ya watu waliolala, mikono imefungwa chini ya kifua mahali anapousikia mwendo wa moyo wake. Baada ya salamu huinua viganja. Humwombea Mroivili maghufira, Koultoum na watoto, Koko Sittou magoti yake, Laïla na Mariama. Akifika kwa Gudrun, afya na safari njema, husimama kidogo, kisha huendelea.